Tamthilia na Filamu Yake Darasani: Mfano wa Romeo na Juliet

Mwanachuo wetu mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha alituletea tatizo. Darasa lake lilikuwa limetazama filamu ya Baz Luhrmann ya mwaka 1996, na wanafunzi wengi wakaandika kwamba Juliet alizinduka kabla Romeo hajakata roho. Akawakosoa kwa wino mwekundu. Wakamjibu, kwa adabu, kwamba wameyaona kwa macho yao.

Katika tamthilia ya Shakespeare, Romeo hunywa sumu na kufa, ndipo Juliet anapoamka. Luhrmann amemwamsha mapema ili wawili hao waonane. Wala si wa kwanza: David Garrick alifanya hivyo katika jukwaa la London mwaka 1748, akawatungia na mazungumzo. Tena Shakespeare mwenyewe hakukitii chanzo chake. Alikitwaa kisa katika utenzi wa Arthur Brooke wa mwaka 1562, akamshusha Juliet kutoka karibu miaka 16 hadi chini ya 14, na mambo ya miezi akayabana katika siku chache. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama filamu ni aminifu. Mwalimu hana budi kuuliza: aminifu kwa jambo gani?

Tuchukue umri. Katika filamu ya George Cukor ya mwaka 1936, Norma Shearer alikuwa amepita miaka 30 na Leslie Howard amepita 40. Maneno wanayatamka vizuri, lakini watu wazima hao hawana udhuru wa pupa. Franco Zeffirelli, mwaka 1968, aliwachagua vijana wasiofikia miaka 18. Alikata sehemu kubwa ya maneno, ila pupa yao inaaminika. Sisi tunaelemea kwa Zeffirelli.

Hata hivyo tuna lalamiko. Katika tamthilia, Romeo anamuua Paris mlangoni pa kaburi. Zeffirelli na Luhrmann wote wawili wamekiacha kifo hicho. Mtazamaji anabaki na Romeo aliyeua mara moja tu, tena kwa kumlipizia rafiki. Kwetu sisi, pengo hilo ni kubwa kuliko bastola za Luhrmann zilizochukua nafasi ya panga, ambazo wanafunzi huzitaja kwanza.

Tunashauri somo lianze na kitabu, kwa kuwa mtihani utauliza kitabu. Onyesho la kaburini lisomwe kwa sauti, na Paris apewe msomaji hodari. Ndipo filamu ionyeshwe, dakika zile chache tu. (Kuionyesha yote kwa vipindi viwili ni kumpumzisha mwalimu.) Kisha kila mwanafunzi aandike ni nini kilichoondolewa, na ni nani aliyefaidika.

Mwanachuo wetu alirudi darasani na karatasi zile zile. Kando ya kila jibu alikuwa ameandika: "Nani alimwamsha Juliet?"