Je, Kanisa Laweza Kumlaza Maskini?



Katika miji ya Marekani liko swali ambalo, baridi ingiapo, hurudi tena mbele ya mahakimu: je, kanisa laweza kumlaza maskini usiku bila kuvunja sheria ya mji? Swali hilo laonekana kuwa la mbali nasi. Lakini ndani yake mna jambo la imani, na ndiyo sababu tumeona vema kulichungua leo.

Kwanza yafaa kuifahamu baridi yenyewe. Si ile ya Lushoto au Njombe, ambayo blanketi mbili na moto wa kuni huishinda. Katika majimbo ya kaskazini, tangu Desemba hata Machi, maji huganda yakawa magumu kama jiwe, na mtu alalaye nje yumo katika hatari ya kufa kabla ya mapambazuko, hasa akiwa mzee, mgonjwa au mlevi. Ndiyo, hata mlevi. Baridi haimwulizi mtu sababu ya umaskini wake, wala huruma haipaswi kumwuliza kabla ya kumfungulia mlango.

Sasa sheria. Kama vile kwetu kiwanja huandikwa kuwa cha makazi, cha biashara au cha ibada, ndivyo ilivyo huko. Sheria hizo zina faida, maana huzuia kiwanda kisijengwe ubavuni mwa shule. Ugumu huanza pale wakuu wa mji wanapoamua kwamba kiwanja ni cha ibada, na kumlaza mtu si ibada bali ni makazi; basi watu waondolewe.

Mjini Hoboken, katika jimbo la New Jersey, jambo hilo lilifika mahakamani mwaka 1983 kwa ajili ya kanisa la Kilutheri lililowalaza wasio na makao, na mahakama ikalikinga kanisa. Kisha ikaja kesi ya Washington, nayo yastahili kukumbukwa zaidi. Wapresbiteri wa huko walikuwa na desturi ya kuwalisha maskini kanisani mwao. Shirika la Fedha la Kimataifa likakihitaji kiwanja chao, wakajengewa kanisa jipya katika mtaa mwingine. Wakristo hao wakataka kuhama pamoja na wageni wao. Wakazi wa mtaa ule wakalalamika, na wakuu wa viwanja wakaamua kwamba chakula cha maskini si sehemu ya matumizi ya kanisa. Mwaka 1994 hakimu wa serikali kuu aliwapa haki Wakristo, akitambua kwamba tendo la huruma ni sehemu ya ibada yenyewe. Hakimu huyo hakuwa akifundisha katekisimu, lakini mwalimu wa katekisimu asingesema vingine.

Mwaka 2000 Bunge la Marekani lilitunga sheria inayokataza serikali kulilemea kanisa kwa amri za viwanja, isipokuwa kwa sababu nzito sana, na kwa njia iliyo nyepesi kuliko zote.

Hata hivyo mabishano hayakwisha. Katika mji mdogo wa Bryan, jimboni Ohio, mchungaji mmoja alifungua mlango wa kanisa lake usiku na mchana. Jengo lilikuwa katika eneo la biashara, ambamo sheria hairuhusu watu kulala katika sakafu ya chini. Akashtakiwa, na Januari 2025 mahakama ya mji ilimtia hatiani kwa kuvunja kanuni za moto.

Hapa yatupasa kusema wazi: katika jambo la moto mji una haki. Anayewajaza watu chumbani bila milango ya kutosha ya kukimbilia hajawatendea huruma. Lakini mkuu anayelifunga jengo kwa ajili ya usalama wao hana budi kuonyesha pia watalala wapi usiku uo huo. Akiwatoa katika hatari ya moto na kuwatupa katika hatari ya baridi, amelinda kanuni, hakulinda mtu.

Mtakatifu Yohane Krisostomo, katika karne ya 4, aliwaonya Wakristo walioipamba altare kwa hariri huku wakimwacha Kristo nje akiumwa baridi katika mwili wa maskini. Basi wanaodai kwamba kanisa ni la sala tu, tena wakadhani wanalitetea, hawakuyapata hayo kwa Mababa wa Kanisa.

Tena tusidhani kwamba wanaolalamika wote ni wapagani. Wengine ni wazazi Wakristo wanaowahofia watoto wao, na hofu ya mama si kitu cha kuchekwa. Padre au mchungaji anayetaka kuwalaza maskini amwendee jirani huyo mapema, kabla ya baridi, amwonyeshe vitanda, vyoo na milango, amtajie mlinzi wa usiku na saa ya kufunga. Yule aliyekwisha kuyaona hayo mwezi wa Septemba hatakwenda mahakamani upesi mwezi wa Desemba. Na huenda akaleta blanketi.