Ndoa za Kupangwa na Uteuzi Asilia: Ushahidi kutoka Taiwan

Wazazi wanapomchagulia kijana wao mchumba, je, maumbile nayo yana neno katika shauri hilo? Mwaka 1891 Edvard Westermarck, mwanazuoni wa Ufini, alidai kwamba watu waliolelewa pamoja tangu utotoni, hata wasipokuwa na udugu wa damu, hawatamaniani wakiwa wakubwa. Kwa lugha ya leo, hoja yake ni hii: watoto wa ndugu wa karibu wamo katika hatari zaidi ya kurithi jeni zenye kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili. Basi waliokuwa na mwelekeo wa kuwaepuka wale waliokua nao waliacha uzao wenye afya zaidi, na mwelekeo huo ukaenea. Frazer, na baada yake Freud, walimpinga: kama maumbile yenyewe yanakataza, sheria ya kukataza ni ya nini?

Ubishi wa namna hii hauwezi kukatwa katika maabara, kwani hakuna mtaalamu mwenye haki ya kuwakusanya watoto wachanga, kuwalea pamoja, kisha kuwaozana. Lakini wazazi wa Taiwan ya kaskazini walikwisha kufanya hivyo kwa sababu zao wenyewe.

Huko, hadi miaka ya 1930, ndoa za kupangwa zilikuwa hasa za aina mbili. Katika aina ya kwanza bibi arusi aliletwa akiwa amekwisha kukua, na mara nyingi hakuwa akimjua mumewe. Katika aina ya pili msichana aliletwa akingali mtoto, mara nyingi mchanga, akalelewa na mama mkwe kando ya mvulana atakayekuwa mumewe. Msichana huyo aliitwa sim-pua. Gharama za mahari na karamu ziliepukwa, na mkwe aliyelelewa nyumbani alitarajiwa kumtii mama mkwe bila ugomvi. Baadhi yao walinyonyeshwa na mama mkwe huyo. Msomaji wa pwani atakumbuka kwamba katika sheria ya Kiislamu jambo hilo lingewafanya wawili hao ndugu wa kunyonya, na ndoa yao ingekuwa haramu.

Japani, iliyotawala kisiwa hicho tangu 1895 hadi 1945, iliandikisha katika daftari za kila kaya uzazi, ulezi, ndoa, talaka na vifo. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Arthur Wolf, alizichambua daftari hizo kwa miaka mingi, na kitabu chake cha mwaka 1995 kinategemea habari za ndoa zaidi ya 14,000. Aliona kwamba wanawake waliolelewa pamoja na waume zao walizaa watoto wachache zaidi, pungufu kwa kiasi cha robo, na talaka zao zilikuwa nyingi zaidi kwa mbali.

Mwanafunzi makini atauliza: labda wasichana hao walidhoofishwa na malezi mabaya? Swali zuri. Lakini wale walioletwa kama sim-pua, kisha wakaolewa na wanaume wengine, walizaa kama wanawake wote. Tena, upungufu ulikuwa mkubwa zaidi kwa walioletwa kabla ya kutimiza miaka 3. Kwa maoni yangu, kigezo hicho cha umri ndicho ushahidi wenye nguvu kuliko wote.

Ajira ya mshahara ilipoongezeka, vijana walipata uwezo wa kukataa, na wengi wakakataa. Desturi ikafifia upesi. Yaonekana kilichokuwa kikiidumisha ni mamlaka ya wazazi, wala si ridhaa ya watoto.

Leo Taiwan inashuhudia jambo jingine. Vijana wengi hawaoi wala hawaolewi, na mwaka 2023 wastani wa uzazi ulikuwa chini ya mtoto 1 kwa kila mwanamke. Menelaos Apostolou wa Chuo Kikuu cha Nicosia amependekeza kwamba, kwa kuwa katika sehemu kubwa ya historia ya binadamu wazazi ndio waliochagua, uteuzi asilia haukutujengea sana stadi za kujitafutia wachumba. Hiyo bado ni dhana inayobishaniwa. Jambo moja ni wazi: tangu miaka ya 1930 vimepita vizazi vitatu au vinne tu, muda mfupi mno kwa jeni za taifa zima kubadilika kiasi hicho. Kwa hiyo chanzo cha mabadiliko yenyewe kitafutwe kwanza katika masomo marefu, kazi za wanawake na bei za nyumba.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: Kwa nini ilikuwa lazima kuwachunguza pia sim-pua walioolewa nje ya nyumba ya ulezi? Na kama wote wangeletwa wakiwa na umri wa miaka 10, Westermarck angetabiri nini?