Kabla ya Silikoni, Zibua Mirija

  Wadogo zangu wa Nachingwea na Ruangwa, najua minada ya chama chetu cha ushirika, RUNALI, ikianza na malipo ya korosho yakitua kwenye akaunti, lazima kuna mtu atarudi nyumbani na gari. Leo basi kona yetu ni ya magari. Kaka zangu mnaosoma kwa kuchungulia, karibuni, vuteni kiti.

Mdogo wangu mmoja wa Ruangwa ameniletea shida yake: “Dada, nina Harrier yenye sanrufu. Mvua ikinyesha, zulia la upande wa dereva linalowa chapachapa, na kitambaa cha dari kimeanza kuchora ramani. Fundi amepaka silikoni kuzunguka kioo chote cha juu, maji bado yanaingia. Mume wangu anasema tuuze. Nifanyeje?”

Usiuze, mdogo wangu. Na huyo fundi asiguse tena silikoni mpaka usome hadi mwisho.

Wengi hawajui kwamba sanrufu haikutengenezwa izuie maji yote. Ile raba inayozunguka kioo inapunguza tu. Maji kidogo yanapita pembeni na kuangukia kwenye trei iliyojificha juu ya dari. Kwenye kona za trei hiyo kuna matundu, na kila tundu limeungwa na mrija mwembamba. Mirija ya mbele inashuka ndani ya nguzo zinazoshika kioo cha mbele na kumwaga maji chini, karibu na bawaba za mlango au nyuma ya tairi la mbele. Ya nyuma inashuka kwenye nguzo za nyuma na kutokea karibu na bampa. Mrija ukiziba, trei inajaa na kufurika, na maji yanashuka kwenye dari, kwenye nguzo, hadi miguuni mwako. Mfereji wa bati ulioziba majani unafanya hivyohivyo: nyumba inalowa ukutani na bati ni zima.

Ndiyo maana silikoni haikusaidia. Tena inaweza kuongeza tatizo: ikichuruzika ndani inaziba tundu lililobaki wazi, na kioo kikiganda hakifunguki tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa gari lenye mirija iliyoziba, mambo yako kinyume: usipozibua, utanunua zulia, dari na nyaya.

Sasa, kwa nini huku kwetu mirija inaziba haraka? Tazama gari lako linalala wapi. Chini ya mwembe au mkorosho, kwa sababu ya kivuli. Kuanzia Juni maua ya korosho yanadondoka, na shamba la jirani linapulizwa salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Salfa haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo inayotua kwenye trei inakaa hapo. Ongeza udongo wetu mwekundu unaopanda na vumbi la barabarani. Huku hatuna mvua za vuli na masika kama wenzetu wa kaskazini. Tuna msimu mmoja, na kabla yake kuna miezi mingi ya ukavu. Vumbi, maua na majani makavu vinajikusanya muda wote huo bila kusukumwa na maji. Siku mvua ya kwanza inapodondoka, vyote vinageuka tope na kushuka kwa pamoja kwenye tundu lisilozidi upana wa kidole kidogo. Gari lililokuwa zima Septemba linavuja Desemba, na wewe unamlaumu aliyekuuzia.

Hii kazi unaweza kuifanya mwenyewe uani. Fungua sanrufu yote. Futa trei kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Utashangaa rangi ya kitambaa. Tafuta matundu kwenye kona za mbele, kisha mimina maji kidogokidogo, nusu kikombe, upande mmoja kwanza. Mtu mwingine achuchumae pembeni ya gari aangalie chini. Yakitoka haraka, mrija ni mzima. Yakisimama kwenye trei, au yakitoka tone kwa tone, umempata mchawi wako.

Cha kuzibulia ni mshipi mnene wa kuvulia samaki. Mwagize mtu anayetoka Lindi mjini akuletee. Unapinda bila kuvunjika na hautoboi. Choma ncha kwa kiberiti ipate kichwa cha mviringo, ingiza taratibu, zungusha, vuta, rudia. Usitumie spoku ya baiskeli wala waya mgumu, maana ukitoboa mrija ndani ya nguzo, maji yatamwagikia ndani siku zote. Na fundi akileta kompresa, mwambie apunguze upepo. Upepo mkali unaweza kuchomoa mrija kwenye kiungio chake, na hapo umebadilisha tatizo dogo kwa kubwa. Mwishoni kagua mdomo wa chini. Magari mengine yana kiraba kidogo kilichobanana ili wadudu wasiingie, na hicho ndicho kinachoshika tope. Kiminye kwa vidole, tope litoke.

Wenye IST, Vitz au Probox msicheke eti hamna sanrufu. Nanyi mna matundu yenu. Fungua boneti, tazama chini ya waipa, pale kwenye plastiki yenye vitobo. Pale maji ya kioo cha mbele yanakusanyika na kutokea pembeni, na palepale feni ya ndani inavuta hewa. Majani ya mwembe yakijaa, maji yanaingia kwenye feni na kumwagika miguuni mwa abiria. Kwenye milango, piga magoti uangalie ukingo wa chini: kuna vijitundu vya kutolea maji yanayoteremka na kioo. Ukitikisa mlango ukasikia maji yanacheza ndani, vijitundu vimeziba, na kutu iko njiani.

Kuna maji mengine hayana uhusiano na mvua. Zulia la abiria likilowa siku ya jua kali baada ya kuwasha kiyoyozi, na maji ni meupe yasiyo na harufu, mrija wa kiyoyozi ndio umeziba. Yakiwa na rangi, yanateleza na kunukia utamuutamu, hiyo ni kulanti inayovuja. Mwone fundi mapema kabla injini haijachemka.

Na wale mnaotamani gari la paa la kukunja, mjue kwamba huko mirija ndiyo roho ya gari. Mazda Roadster, inayojulikana nje ya Japani kama MX-5 na iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, ina mirija nyuma ya viti, kushoto na kulia. Ikiziba, maji yanaingia ndani na kuozesha vizingiti vya milango. BMW Z4 ya kwanza pampu yake ya kufungulia paa imewekwa kwenye shimo la pembeni linalopitisha maji. Shimo likijaa, mota inazama na paa haliendi tena. Mkiletewa gari la namna hiyo, muulizeni muuzaji kuhusu mirija kabla ya rangi.

Ukishazibua, kausha. Zulia la gari lina sponji nene chini yake, na juu panaweza kukauka huku chini pamelowa wiki nzima. Linyanyue, weka vitu chini lipate hewa, acha milango wazi juani. Chini ya zulia hilo mara nyingi zinapita nyaya, na kwenye magari mengi viungio vya njano chini ya viti ni vya mifuko ya hewa. Usivichomoe wala usivichezee. Mwite fundi umeme. Viungio vikiota kutu ya kijani, taa za dashibodi zinaanza kuwaka ovyo na utapelekwa kubadilisha vitu ambavyo havijaharibika.

Kwa anayenunua: kabla ya kutoa hela ya korosho, minya zulia kwa kiganja, nyanyua tairi la akiba uangalie chini yake, na vuta hewa kabla muuzaji hajapulizia manukato. Gari linalonukia sana lina jambo linaficha.

Kwa anayempa fundi kazi: mkubaliane mapema kwamba malipo ni baada ya majaribio. Kikombe cha maji kimiminwe mbele yako na uyaone yakitoka chini. Akisema “sista, hii lazima silikoni” kabla hajafungua kona yoyote, mshukuru, chukua ufunguo wako, nenda kwa mwingine.

Mdogo wangu wa Ruangwa, jaribu hivyo Jumamosi hii, upande wa dereva kwanza. Na ninyi wengine, kila mwaka ikifika Oktoba, kabla mawingu hayajakaza, zibueni mirija na mfagie chini ya waipa. Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja, na gharama yake ni kipande cha mshipi.