SOMO LA BUSTANI: MAUA YA MERIGOLDI NA NYANYA

Ndugu Katibu, tafadhali somo hili lisomwe mbele ya wanachama, hasa walimao nyanya katika mabonde ya Soni, Lukozi na kwingineko wilayani Lushoto.

Mwanachama aking'oa mche wa nyanya uliodumaa akakuta mizizi ina vinundu, ajue kuwa udongo umeingiliwa na minyoo fundo, ambao ni wadogo mno kuonekana kwa macho. Kurudia nyanya mahali hapo ni kuwalisha. Merigoldi, ua lenye asili ya Mexico, hutoa katika mizizi yake sumu inayowadhuru minyoo hao. Lakini wengi hupanda mistari miwili tu kandokando ya nyanya, kisha husema kuwa halifai. Maua hayana budi kulijaza tuta zima kwa miezi miwili hadi mitatu kabla ya nyanya. Kwa mwenye matuta machache hilo si jambo dogo. Basi na aanze na tuta lililoharibika kupita yote.

Mbegu zisiwe kwenye kitalu, kwa kina cha nusu sentimita, katika udongo mwororo wenye samadi iliyooza. Udongo huo usitoke kwenye shamba lenye vinundu, ama sivyo mkulima atakuwa anawahamisha minyoo kwa mkono wake mwenyewe. Wakati wa joto mbegu huota kwa siku 5 hadi 10. Mwezi wa Julai, baridi ya milimani huzichelewesha. Zikisiwa mwishoni mwa Septemba, miche huwa tayari kuhamishwa vuli inapoanza, ikiwa na umri wa wiki tatu au nne. Nafasi ya sentimita 20 kati ya mche na mche yatosha.

Palizi isisahauliwe. Mnavu, ingawa ni mboga tamu, huwahifadhi minyoo fundo. Ukiachwa kati ya maua, kazi yote ni bure. Muda ukitimia, maua yakatwekatwe na kufukiwa. Minyoo hupungua, haimaliziki, kwa hiyo zao hilo lirudiwe kwa zamu.

Machache yaliyo bora yaachwe yakauke shinani, mbegu zianikwe kivulini na kutiwa katika bahasha ya karatasi. Mbegu za chotara hazizai ua lile lile. Katibu aulize dukani kabla ya kukinunulia chama.