Akishaondoka Ofisini, Kiongozi Anaweza Kushtakiwa?

Kila uchaguzi ukipita, hapa Mbotela, Nairobi, utasikia watu wakisema: huyo ameshakula, ameshaenda, hakuna wa kumgusa. Sheria ya Kenya haisemi hivyo.

Kinga dhidi ya kesi ya jinai ni ya Rais, na ni ya wakati yuko madarakani tu. Hayo yamo katika Kifungu cha 143 cha Katiba ya 2010. Akitoka Ikulu, anaweza kushtakiwa, na miaka aliyotawala haihesabiwi katika muda uliowekwa wa kufungua kesi. Kwa uhalifu wa kimataifa hana kinga hata akiwa Rais: Uhuru Kenyatta alifika mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) Oktoba 2014, ingawa mashtaka yaliondolewa Desemba. Ukivuka mpaka wa Namanga mambo hubadilika. Katiba ya Tanzania inamlinda Rais mstaafu kwa aliyoyatenda kama Rais, isipokuwa aling'olewa na Bunge.

Gavana, waziri na mjumbe wa bunge la kaunti (MCA) hawana kinga hiyo hata siku moja. Ferdinand Waititu, aliyewahi kuwa mbunge wa Embakasi, alishtakiwa 2019 akiwa bado gavana wa Kiambu, kuhusu zabuni ya barabara ya Sh588 milioni. Februari 2025 akapatikana na hatia: miaka 12 jela au faini ya Sh53.5 milioni. Alikata rufaa.

Mimi ningependa Kifungu cha 226(5) kibandikwe kwenye kila geti la ploti. Kinasema anayeidhinisha pesa za umma zitumike kinyume cha sheria atalipa hasara hiyo mwenyewe, awe ofisini au ameshatoka.

Kwa hivyo weka ushahidi mapema. Mradi ukianza mtaani, piga picha bango lake kabla halijang'olewa. Huwa na jina la mwanakandarasi. Andikia ofisi husika barua ukiomba nakala ya mkataba, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki za Kiutawala.

Ukishuku wizi, ripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC), Integrity Centre. Si lazima utaje jina lako. EACC huchunguza, haishtaki. Anayeamua kushtaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na kesi ikishafunguliwa hawezi kuiondoa bila idhini ya mahakama. Kesi za hapa Nairobi husikizwa hadharani katika mahakama ya Milimani, na yeyote anaruhusiwa kuingia.