Vijiti vya Mkononi Havitolewi kwa Wembe

Shangazi mpendwa,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nauza viatu vya mitumba soko la Muthurwa. Mwaka wa 2019, baada ya kujifungua, niliwekwa vijiti viwili vya kupanga uzazi mkono wa kushoto nikiwa kwetu mashambani. Niliambiwa ni vya miaka mitano. Miaka hiyo imepita, na mimi na mume wangu sasa tunataka mtoto wa pili. Nimezunguka sana. Kituo cha kwanza waliniambia nirudi nilikowekewa. Cha pili niliambiwa nesi anayetoa hayuko, nije wiki ijayo, na wiki ijayo nikaambiwa vivyo hivyo. Kliniki ya kibinafsi walitaka shilingi elfu mbili na mia tano.

Hapa sokoni kuna mama anayetoa kwa mia tatu, kwa wembe mpya na spiriti, na ganzi anayonunua duka la dawa. Mwenzangu wa kibanda cha pili alitolewa juzi. Kimoja kilitoka, kingine hakikuonekana. Mkono umevimba kidogo na vidole viwili vya mwisho havihisi kitu, lakini mama huyo anasema ni kawaida. Kwenye simu pia nimeona video ya mwanamke akijitoa mwenyewe mbele ya kioo. Vyangu vinaonekana kabisa chini ya ngozi, nikivibonyeza vinasogea. Naogopa vitaoza mwilini vinifunge kizazi. Nijitoe, niende kwa huyo mama, au nifanye nini?

Nimechoka Kuzungushwa, Muthurwa

Mwanangu,

Sehemu hii ya kwanza nilikutumia kwa simu siku ile ile barua yako iliponifikia, kwa kuwa haikuweza kungoja gazeti. Nairudia hapa kwa ajili ya wengine waliopitia mikononi mwa huyo mama. Mwenzako anahitaji hospitali. Kidole cha mwisho na kile kinachokifuata hupata hisia kutoka kwa neva moja inayoshuka upande wa ndani wa mkono, karibu sana na mahali vijiti huwekwa. Dawa ya ganzi huisha baada ya saa chache tu. Vidole vikiwa bado havihisi kitu baada ya siku mbili, huenda neva imebanwa na uvimbe, au imekwaruzwa, au imekatwa. Iliyokatwa, daktari wa upasuaji anaweza kuishona, lakini kadiri siku zinavyosonga ndivyo matumaini yanavyopungua, na ikiachwa vidole hujikunja na kukosa nguvu hata ya kufunga kamba ya kiatu.

Aende idara ya dharura ya hospitali kubwa, na akifika aseme ukweli wote: nilikatwa na mtu asiye muuguzi, na kijiti kimoja kimebaki ndani. Hana kosa la kuficha. Akinyamaza, hakuna atakayefikiria kumdunga chanjo ya pepopunda, wala kumweleza habari za dawa za kuzuia VVU ambazo lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Wembe ulikuwa mpya, sawa. Je, kikoleo kilichovuta kijiti nacho kilikuwa kipya? Chupa ile ya ganzi ilikuwa imechomwa na sindano ngapi kabla yake? Kama hana pesa, aende hivyo hivyo. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Sasa turudi kwako. Usijitoe, na usiende kwa huyo mama. Sisemi hivi kukukaripia. Uliuliza, ulipanga foleni, ulirudi ulipoambiwa urudi. Ulifanya kila ambalo mtu mwenye busara angefanya, na imeniuma kusoma jinsi ulivyozungushwa. Wembe haupati wateja sokoni kwa sababu wanawake hawajui hatari yake. Unawapata kwa sababu kule kliniki wameambiwa njoo wiki ijayo.

Na kuna sababu ya mzunguko huo. Kati ya 2012 na 2013, kampuni za Bayer na Merck zilikubali kushusha bei ya vijiti kwa nchi za kipato cha chini kwa karibu nusu. Vijiti vikamiminika. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya wanawake watano walioolewa hapa Kenya, karibu mmoja anatumia vijiti. Ni njia nzuri, nami siipingi. Lakini bidii ilielekezwa zaidi kwenye kuweka: mafunzo, mahema, siku za kampeni. Kutoa kulikuja nyuma kama mkia, ilhali kila kijiti kinachoingia lazima siku moja kitoke. Vilivyowekwa kwa wingi miaka iliyofuata sasa vimefika tarehe, na vyako vimo. Lile neno la “rudi ulikowekewa” halina msingi wowote wa kitabibu. Muuguzi au afisa wa kliniki aliyefunzwa kutoa anaweza kutoa hata kama viliwekwa Turkana. Tena kulisema Muthurwa, penye watu wa kila pembe ya nchi tangu zilipojengwa nyumba za wafanyakazi wa reli, ni kumfukuza mtu kwa adabu.

Nikueleze kilichomo ndani ya huo mkono, maana nadhani hakuna aliyekueleza. Vijiti viwili vya miaka mitano kwa kawaida ni aina ya Jadelle. Kila kimoja kina urefu wa kama sentimita nne na unene wa milimita mbili na nusu, ni laini, na kimebeba miligramu 75 za homoni inayotoka kidogo kidogo. Kikishakaa miezi kadhaa, mwili hukijengea mfuko mwembamba wa nyama ngumu unaokikumbatia pande zote. Ndiyo maana unakiona, unakibonyeza, kinasogea, nawe unadhani kimelala bure chini ya ngozi. Ukichana ngozi hakichomoki. Lazima ule mfuko upasuliwe kwenye ncha, taratibu, bila kukikata kijiti chenyewe. Asiyejua hilo huvuta, kikakataa, akachana zaidi, akaingiza koleo ndani zaidi, na kwa kusukuma hivyo hukitumbukiza kwenye nyama ambako hakitaonekana tena kwa vidole. Au kinakatika, kipande kinabaki. Huenda ndivyo ilivyokuwa kwa kile cha pili cha mwenzako. Na chini ya hapo, upande ule wa ndani wa mkono, ndipo unapopita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mkono mzima, pamoja na neva zake. Umbali kati ya ngozi na hivyo vyote, kwa mtu mwembamba, ni mdogo kuliko upana wa kidole.

Mhudumu aliyefunzwa hufanya nini tofauti? Kwanza anavipapasa vyote viwili na kuvitia alama kwa kalamu kabla ya kugusa kisu. Kama hakipati kimoja, anasimama hapo hapo, hakati kutafuta. Anaosha ngozi kwa dawa, anavaa glavu safi, anadunga ganzi chini ya ncha za vijiti, zile zilizo upande wa kiwiko, ili ganzi iziinue juu badala ya kuzizamisha. Anachana padogo sana, milimita chache tu, kisha anasukuma kijiti kwa kidole kutoka upande wa pili mpaka ncha itokeze. Vifaa vyake vimechemshwa kwa mvuke ndani ya mashine. Spiriti haifanyi kazi hiyo, wala kuchoma wembe kwa kiberiti. Na hiyo ganzi ya duka la dawa, ikidungwa nyingi mno au ikiingia kwenye mshipa wa damu, huweza kumfanya mtu atetemeke kwa degedege na hata kusimamisha moyo. Kliniki wanapaswa kuwa na dawa za dharura. Kibandani kuna nini?

Yule dada wa kwenye video, pengine vyake vilikuwa juu kabisa na akabahatika. Walioishia wodini hawakurekodi.

Hofu yako ya kuoza, iache leo. Vijiti vilivyopitisha miaka mitano havigeuki sumu na haviozi. Kinachotokea ni kwamba homoni imepungua, kwa hiyo huwezi tena kuvitegemea kuzuia mimba. Kizazi hakifungwi navyo. Wanawake wengi hurudi kupevusha yai ndani ya wiki chache baada ya kutolewa, na wengine hushika mimba mwezi ule ule. Ikiwa hujaona siku zako, pima mimba kabla ya kwenda. Huenda mtoto unayemtafuta tayari yupo, na hata hivyo vijiti vitatolewa bila kumdhuru. Nalisisitiza hili kwa kuwa haraka ndiyo inayokupeleka kwa wembe. Hakuna haraka ya kitabibu. Wiki mbili au tatu zaidi hazitakuharibia chochote.

Nenda siku ya kazi, asubuhi mapema, ukampe jirani kibanda akulindie. Kutoka Muthurwa, ukikatiza Gikomba, hospitali ya uzazi ya Pumwani ni mwendo wa miguu, nayo imekuwa ikihudumia kina mama wa Eastlands tangu 1926. Vituo vya afya vya Kaloleni na Bahati pia si mbali. Ukifika dirishani usiulize kama wanaweza. Sema: “Nimekuja kutolewa vijiti. Viliwekwa 2019, vimepitisha muda.” Ukiambiwa nesi hayupo, uliza siku anayokuwepo na uandikiwe kwenye kadi, na ikiwa hakuna kabisa anayetoa, omba barua ya rufaa kwenda kituo kinachotoa. Mtu mwenye rufaa mkononi huwa vigumu kumzungusha. Hulazimiki kueleza sababu, na hakuna sheria inayotaka ruhusa ya mume. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 6, inakupa haki ya huduma za kupanga uzazi zilizo salama na zisizokulemea kwa gharama, na kutolewa ni sehemu ya huduma hiyo. Ada katika zahanati na vituo vya afya vya umma ziliondolewa Juni 2013. Huenda ukaombwa ununue glavu au wembe wa upasuaji. Hiyo bado itakuwa nafuu kuliko mia tatu zako na mkono.

Ukiamua kulipia kliniki ya kibinafsi, tazama ukutani. Leseni ya kituo na ya mhudumu lazima ziwe zimetundikwa. Uliza: umewahi kutoa vya aina hii? Na kama kimoja hakipatikani, mnanituma wapi kupigwa picha ya mawimbi ya sauti? Mhudumu mzuri hujibu bila kuchukia. Anayesema “tutakitafuta tu,” vaa kiatu chako uondoke.

Kuhusu yule mama wa sokoni, sitamtukana. Bila shaka anaamini anasaidia. Lakini baada ya mkono wa mwenzako, kunyamaza ni kumwachia mwingine aumie. Afisa wa afya ya umma wa wadi yenu anapaswa kujua, na nyinyi wawili mkienda pamoja mtasikilizwa zaidi.

Wakikutoa kule kituoni, omba uonyeshwe vijiti vyenyewe na uvihesabu: viwili viliingia, viwili vitoke, vikiwa vizima. Bandeji ikae kavu kwa siku kama tatu, na marobota ya mitumba ayabebe mwingine wiki hiyo. Maumivu kidogo na wekundu wa juu juu ni kawaida. Usaha, homa, uvimbe unaokua, damu isiyokoma au kufa ganzi vidole baada ya siku ya kwanza si kawaida, rudi mara moja. Na kwa kuwa mnataka mtoto, kabla hujatoka chumba hicho mwombe nesi vidonge vya foliki asidi. Mikrogramu 400 kila siku, zianzwe kabla ya mimba kutunga, humkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo. Waambie pia ukiwa unatumia dawa za kifafa au kisukari, kwa sababu hapo kipimo hubadilika.