Mama Ana Virusi, Mtoto Je?

Wenzangu, bwenini bado nawasikia mkisema mama mwenye virusi vya ukimwi lazima azae mtoto mwenye virusi. La hasha! Hata bila dawa, ni watoto 15 hadi 45 kati ya 100 ndio huambukizwa: tumboni, wakati wa kuzaliwa ama wakinyonya. Dawa hupunguza virusi katika damu ya mama ili visimfikie mtoto. Mwaka 1994 utafiti wa Marekani na Ufaransa ulionyesha AZT ikipunguza hatari hiyo kwa thuluthi mbili hivi. Siku hizi mama akimeza ARV kila siku, hata anaponyonyesha, wanaoambukizwa hawafiki 5. Kweli, baadhi ya dawa hizo zimehusishwa na watoto kuzaliwa kabla ya miezi kutimia. Lakini mama akiziacha kwa hofu hiyo, virusi huongezeka tena upesi, na mtoto bado yumo tumboni.